Sura ya Tisa: Chupa Iliyojisafisha

Kituoni walimwita Gundi, na jina hilo hakupewa kwa utamu wake. Mwanamke huyo akishajibandika kwenye kesi, humbandui kwa maji ya moto wala kwa amri. Asubuhi hiyo mkuu wa upelelezi alijaribu kumbandua kwa mara ya mwisho.

"Gundi, mtu kanywa sianidi. Kikombe chake kina sianidi. Maji ya tangi lao yamepimwa, hayana kitu. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta alikoitoa, mkuu."

"Kiwanda cha dhahabu, mama! Kwao sianidi ni kama chumvi jikoni."

"Chumvi yao nimeipima. Haijapungua hata chembe."

Mkuu alijifuta uso kwa kiganja, kama mtu anayefuta ubao. "Mrudishie mjane vitu vya mumewe, kisha jioni nataka jalada mezani. Andika alijiua. Tumuache maskini apumzike."

"Yupi, marehemu au mjane?"

"Mimi," akasema mkuu.

Basi Gundi akachukua bahasha ya vitu vya marehemu akaenda.

Marehemu huyo kiwandani walimwita Mpishi, ingawa hakuna binadamu aliyewahi kula chakula chake. Kiwanda kilitumia sianidi kung'olea dhahabu kwenye mawe yaliyosagwa. Maji yaliyobaki, yenye sumu ya kuua ng'ombe na mchungaji wake, yalipitishwa kwenye tangi refu lenye vifuniko, na humo ndani waliishi bakteria wanaokula sumu hiyo. Wateja wa Mpishi walikuwa hao. Aliwapa molasi kidogo na fosfati kidogo, akachunga wasipate baridi, akawasemesha kama kuku wa kufugwa. Na kila asubuhi, kabla hajagusa kitu, alikinga kikombe kikubwa cha bati kwenye bomba la kutokea maji yaliyosafishwa, akanywa chote mbele ya yeyote aliyekuwepo. "Naonja," alikuwa akisema. Mkemia alimkataza mpaka akachoka. Miaka yote alionja, na miaka yote alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Ijumaa ya wageni wakubwa, ile ambayo kiwanda kizima kilipigwa deki kwa ajili yake, walimkuta amelala chini ya bomba na kikombe kando.

Nyumba ya marehemu ilikuwa ya vyumba viwili. Viti vya kuazima vya msiba vilikuwa bado vimepandana ukutani, havijapata wa kuvirudisha. Mjane alikaa kwenye kigoda, na mbele yake, ameketi sakafuni na magoti yamemfika kidevuni, alikuwa mdogo wa marehemu, pande la kijana lenye mabega kama mlango. Mikono yake ilikuwa mapajani mwa shemeji yake, akipakwa mafuta.

"Karibu, Afande," mjane akasema. "Usishangae. Jitoto hili linanimalizia mafuta yangu."

"Shemeji ananionea."

"Nakuonea? Tazama, Afande, mikono inabambuka kama ukuta wa nyumba ya kupanga."

"Si sufuria za msiba hizo? Nimewaoshea watu wote mpaka wale waliokuja kula tu."

Mjane akacheka, na kicheko kikamkatikia njiani. Ndivyo kilivyo kicheko cha mfiwa, huanza vizuri halafu hukumbuka. Kijana huyo alikuja kwao akiwa bado anakojoa kitandani, wazazi wake wameshafariki. Shemeji yake ndiye aliyemlea, kaka yake ndiye aliyemtafutia kazi ya usafi hapo hapo kiwandani.

Gundi akatoa vitu: saa, mkanda, kitana chenye meno pungufu. Mjane alivigusa kimoja kimoja.

"Na kikombe chake?"

"Kikombe bado ni cha serikali."

Mjane akafunga chupa ya mafuta. "Shemeji, kamwombe jirani atupe barafu kidogo, Afande anywe maji baridi." Kijana akainuka, akainama mlangoni, akatoka. Mjane akangoja nyayo zake zipotee.

"Mmeshaamua?"

"Leo jioni."

"Mtaandika alijiua."

Gundi aliwahi kujifunza kwamba kimya cha askari huuliza vizuri kuliko mdomo wake.

"Asubuhi ile aliamka mapema kuliko siku zote," mjane akasema. "Wageni wanakuja. Akapiga pasi shati mwenyewe, akaliunguza kola. Mimi nilikuwa na usingizi na hasira. Nikamwambia, hao wadudu wako unawajali kuliko mimi. Nenda basi. Nenda ukafe nao." Akatazama kitana. "Ndilo neno langu la mwisho kwake, Afande. Ukafe nao. Akacheka, akaenda. Na mimi nikageukia ukutani nikalala."

Nje mtu alikuwa akigonga bati.

"Watu wanakuja kunipa pole, nami nazipokea. Lakini kama alijiua, basi mimi ndiye niliyemtuma. Nataka kujua tu. Ukijua, usinifiche kwa huruma."

Gundi akachukua kalamu, maana kalamu humpa mtu mahali pa kutazama. "Pua yake ilikuwaje?"

"Pua?"

"Ya kunusia."

"Hiyo ilikuwa pambo tu," mjane akasema. "Wenzake kazini wanasema sianidi ina harufu yake. Yeye alikuwa hasikii kabisa. Wakamwambia azaliwe upya."

Kijana akarudi na barafu ndani ya bakuli, ameikumbatia isiyeyuke. Gundi akanywa maji yote, akashukuru, akaaga.

Kiwandani, mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mtunza stoo, ambaye wote walimwita Kufuli. Siku za mwanzo za upelelezi, Kufuli ndiye aliyekuwa mshukiwa. Yeye na Mpishi walikuwa hawapikiki chungu kimoja kwa ugomvi wa nafasi stoo, na sianidi yote ilikuwa chini ya funguo zake. Gundi alimpimisha mapipa yote, moja baada ya jingine, mpaka mzee wa watu akaumwa kiuno. Kila pipa likasema ukweli.

"Umekuja kupima tena?" Kufuli akauliza kutoka kwenye dirisha lake dogo. "Safari hii nipime na mimi. Nimekonda."

"Nimekuja kukusalimia."

"Salamu za polisi mimi nazipokelea mbali." Kisha sauti ikalainika. "Nilimwita mchawi, Afande. Wiki ile ile. Mchawi wa maji machafu. Sasa nikilala namsikia akinicheka."

"Stoo yako imekamilika?"

"Sianidi imekamilika. Lakini kama unataka wizi, njoo nikupe wizi. Siku ya usafi, mdogo wake marehemu alikuja hapa kuomba brashi ya waya na galoni nzima ya dawa ya vyoo. Brashi haijarudi mpaka leo. Ila nimdaije mfiwa brashi?"

"Achana nayo."

"Nimeshaachana nayo. Nalalamika tu."

Gundi akaomba kuelekezwa chooni. Vyoo vya wafanyakazi vilikuwa vinne kwa mstari, nyuma ya karakana. Alifungua cha kwanza akakifunga. Akafungua cha pili. Cha tatu alikitazama kwa muda mrefu kuliko kinavyostahili. Masinki yalikuwa na kutu ya miaka, na pembeni kabisa buibui alikuwa amejenga nyumba ya ghorofa bila kusumbuliwa na mtu. Akafungua cha nne, akavuta pumzi kwa mdomo, akarudi zake nje. Haja aliyokuja nayo ilikuwa imemtoka.

Maabara ilikuwa chumba cheupe chenye dirisha moja kubwa la jua. Mkemia, mwanamke mrefu mwenye koti lililochomekwa kalamu tatu, hakuinua macho.

"Afande, ukija mara nyingine nitakununulia kiti chako."

"Kisiwe na magurudumu. Nionyeshe chupa uliyokingia maji asubuhi ile."

Mkemia akaitoa dirishani. Ilikuwa ya plastiki, shingoni imefungwa kamba iliyofifia. Zile nyingine za maabara zilikuwa za kahawia, zimepangwa kwenye sanduku la barafu.

"Hii haifanani na zako."

"Si yangu. Zangu huwa na magadi makali ndani, na zinakaa gizani kwenye baridi ili sampuli isibadilike. Lakini asubuhi ile walinipigia kelele nikakimbia mikono mitupu. Hii ilikuwa inaning'inia kwenye bomba pale, ni ya kwake Mpishi. Nikaisuuza, nikakinga."

"Ukapima saa ngapi?"

"Saa ngapi? Wenzako walitutoa nje wote, wakafunga maabara kwa minyororo. Nilipima Jumatatu."

"Siku zote hizo chupa ilikuwa wapi?"

"Hapo hapo dirishani."

Gundi akafungua kizibo, akainusa, akarudisha kichwa nyuma. "Nimelelewa na shangazi aliyefuga kuku. Hii inanuka banda asubuhi."

Mkemia akaipokea, akanusa. Uso wake ukatulia kwa namna isiyo ya kawaida.

"Amonia," akasema.

"Imetoka wapi? Nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye mkopo wa akili."

"Sianidi ni kaboni moja na nitrojeni moja, zimeng'ang'aniana. Kwetu sisi ni kifo, maana inauzuia mwili kutumia hewa. Mtu anapumua, lakini ni kama hapumui. Sasa wale bakteria wana vimeng'enya vya kuzitenganisha. Nitrojeni ndiyo wanayoitaka. Kwao ni mbolea, wanajengea mwili, wanazaana. Wakiwa na nyingi kuliko haja yao, inayobaki wanaiacha majini. Hiyo ndiyo amonia."

"Kwa hiyo maji yakitoka tangini hunuka hivi?"

"Hapana. Mwishoni mwa tangi kuna kundi jingine linalomalizia amonia. Yakitoka hayanuki kitu."

"Lakini haya yalitoka."

Mkemia akakaa kwenye kiti chake chenye magurudumu, kikarudi nyuma kidogo, naye hakukizuia.

"Chupa hii Mpishi aliitumia kwa nini?" Gundi akauliza.

"Kwa mbegu. Bakteria hawa wanaishi kwenye ute, wanajibandika. Alikuwa anakwangua ute kidogo, anautunza humo. Tangi likiugua, anaurudishia." Akaiinua chupa kwenye mwanga. Ndani, ubavuni, kulikuwa na ngozi nyembamba ya kahawia. "Niliisuuza," akasema tena, taratibu zaidi.

"Ute hautoki kwa kusuuza."

"Hautoki."

"Basi ukawakingia chakula ukawaacha nacho, kwenye jua, mpaka Jumatatu."

"Wakala." Mkemia akaiweka chupa mezani kwa mikono miwili. "Maji yalikuwa na sianidi. Wamekula ushahidi. Nami nimetia saini kwamba tangi lilikuwa salama. Nikamwambia mkewe, mbele ya watu, kwamba maji hayakuwa na kitu."

"Uliyoyapima hayakuwa na kitu," Gundi akasema. "Ute huo hutoka kwa nini?"

"Tangini? Hautoki. Labda mtu ausugue. Brashi ya waya na—"

"Na dawa ya vyoo?"

"Hiyo itawaua mpaka waliojificha kwenye nyufa. Kwa nini unauliza?"

"Twende tukafunue tangi."

Tangi lilikaa nyuma ya uzio, chini ya paa la bati. Vifuniko vyake viliinuliwa kwa mkono. Ndani, sahani pana za plastiki, nyingi, zimepangwa kwenye mhimili mmoja, zilizunguka polepole, nusu majini na nusu hewani, kama mtu anayejigeuza usingizini. Zilipaswa kuwa na ute mzito wa kahawia, unene wa kidole. Hizi zilikuwa na utando mwembamba kama wa maziwa yaliyopoa.

"Baada ya kifo mtambo ulisimamishwa," mkemia akasema. "Tulipowasha tena tukawakuta dhaifu. Nikadhani ni njaa. Nikawarudishia mbegu zake zilizobaki."

"Siku ya usafi je, maji ya sumu yalipita?"

"Mchana tulifunga, kwa ajili ya deki. Jioni tukafungulia."

"Na asubuhi Mpishi hakufunua?"

"Angefunua baada ya kuonja. Kuonja kulikuwa kwanza, siku zote. Na wengine tungesikia harufu bombani, lakini yeye..."

"Yeye pua yake ilikuwa pambo."

Mkemia akazima mota. Gundi akakunja mkono wa shati, akapangusa utando kwenye sahani ya kwanza kwa kitambaa. Chini yake plastiki ilikuwa na mikwaruzo myembamba, duara ndani ya duara. Akaenda sahani ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Akainama, akachungulia nyuma ya mhimili, mahali ambapo mgeni hata awe na shingo ya twiga asingepaona. Napo palikuwa pamesuguliwa. Kingo zilikuwa zimesuguliwa. Kila upande.

"Nani angemfanyia hivi?" mkemia akauliza. "Alikuwa na adui mmoja tu, na yule ni wa kelele."

"Adui hasugui pande zote mbili," Gundi akasema.

Akakikamua kitambaa, maji yakamdondokea kwenye viatu. Kisha akamwomba mkemia aandike upya alichokijua kuhusu chupa, akapanda gari, na njia nzima hakumtania dereva hata mara moja. Dereva alimwuliza kama anaumwa.

Jua lilikuwa limeinama alipofika. Mjane alikuwa akichambua mchele, mdogo wa marehemu akirudisha viti vya kuazima, viwili kila mkono. Gundi alingoja amalize vya mwisho, kisha akawaomba wote wawili wakae.

"Siku ya usafi," akamwambia kijana, "ulichukua stoo brashi ya waya na dawa ya vyoo. Vyoo nimevikagua. Hukuvigusa."

Kijana akainamisha kichwa. Alipokiinua, alikuwa na tabasamu dogo la mtu aliyefumwa.

"Nani kakwambia, Afande? Ilikuwa siri."

"Uliosha nini?"

"Zile sahani za kaka." Akamgeukia mjane. "Shemeji, ungeziona! Uchafu umeganda, unateleza, rangi ya tope. Kaka anauita watoto wake, mimi nikajua ni utani tu. Nikasema, kesho wageni wakubwa wakifunua hapa watamcheka kaka yangu. Kaka na wenzangu wamekwenda kula, nikaingia. Nimesugua moja moja, mbele na nyuma. Ile dawa imenila mikono, lakini zilitakata, shemeji, zilitakata kama sahani za harusi! Nikafunika. Nilitaka afunue mwenyewe mbele ya watu, ashangae."

Mchele uliacha kusikika kwenye ungo.

"Afande," kijana akasema, na tabasamu likaanza kumpotea, "siku zote nimekuwa nikitaka kukuuliza. Alifunua? Aliziona?"

Gundi alikuwa amewahi kuwaambia watu mambo mabaya katika vyumba vingi kabla ya hiki. Hakupata njia fupi.

"Vifuniko vilikuwa vimefungwa," akasema. "Hakuziona. Na ule haukuwa uchafu, mwanangu. Ule ute ndio uliokuwa ukila sumu. Ndio watoto wenyewe. Ulipoutoa, maji yalipita kama yalivyokuja, usiku kucha." Akamgeukia mjane, maana na yeye alikuwa na deni la jibu. "Mumeo hakuchukua sumu mahali popote. Alikinga maji akaonja, kama kila siku. Alitaka kuishi siku ile kuliko siku zote. Maneno yako hayakumfikisha popote. Alikwenda kazini."

Mjane akafunga macho. "Alicheka," akasema kwa sauti ya chini. "Alipotoka, alicheka kweli."

"Alicheka."

Machozi yakamtoka yote kwa pamoja, yale ya tangu Ijumaa ile, na kwa muda alikuwa mke tu, amepewa mumewe arudi naye moyoni. Kisha akafungua macho, akamwona shemeji yake.

Kijana alikuwa amesimama. Mikono ameitenga na mwili, vidole vimetanuka, anaitazama kama mizigo aliyoombwa kumshikia mtu na mwenyewe asirudi. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, mahali vilipokuwa viti.

"Nitaandika ajali," Gundi akasema. "Na wakuu wa kiwanda watajibu kwa nini hakuna aliyemweleza mfagizi kilichomo tangini. Hilo ni langu."

Hakuna aliyemsikia. Mjane alikuwa anamtazama kijana, uso wake ukipitiwa na mambo ambayo Gundi hakuyaandika popote. Ungo ulimteleza mapajani, mchele ukamwagika sakafuni. Hakuuokota. Akanyoosha mkono chini ya kigoda, akatoa chupa ya mafuta.

"Kaa," akasema.

"Shemeji, usinishike."

"Kaa hapa."

Kijana akashuka ukutani, akajivuta juu ya mchele kwa magoti, akaketi sakafuni mahali pake pa asubuhi.

"Mkono."

Hakuutoa. Mjane akauchukua mwenyewe, akaufungua ngumi kidole kimoja kimoja, akamimina mafuta kiganjani. Akaanzia kwenye dole gumba, pale ngozi ilipobambuka zaidi.

Gundi akaokota kofia yake, akatoka bila kuaga.